Maji Hayamo Kwenye Majibu

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani. Nimeitafuta mwenyewe, kwa miwani na bila miwani, nisiione. Kwa hiyo msomaji akikuta humu jambo linalofanana na la kwao, asinigombeze mimi. Amgombeze aliyeiendesha nchi yake mpaka ikafanana na nchi isiyokuwapo.

Nchi hiyo ilikuwa na demokrasia nyingi mno. Ilikuwa na vyama viwili, Chama cha Mwiko na Chama cha Kifuniko, vyote vikila chungu kimoja. Ugomvi wao ulikuwa juu ya kofia ya Rais. Watu wa Mwiko walishikilia kwamba kofia ya Rais lazima ikae wima, kama walivyoivaa wahenga. Watu wa Kifuniko waliapa kwamba lazima ikae upande, kama maendeleo yanavyotaka. Ndoa zilivunjika kwa sababu ya kofia hiyo. Kuna msiba mmoja ulikaa bila kuzika tangu asubuhi hadi alasiri, wafiwa wakibishana marehemu alikuwa wima au upande.

Kaskazini yote ilizaliwa Mwiko, Kusini yote ilizaliwa Kifuniko, na kwa kuwa kura zao zilijulikana kabla hazijapigwa, hakuna aliyejisumbua kuwauliza neno. Katikati ulibaki mji mmoja tu, Kizingiti, mji wetu, ambao kwa sababu wataalamu hawajazigundua mpaka leo, haukujulikana unaelekea wapi. Basi kila mwaka wa uchaguzi taifa zima lilihamia Kizingiti kutupima mapigo ya moyo.

Mimi naitwa Kibwana Mtonga. Nilikuwa na studio ya kupiga picha za vitambulisho karibu na soko, ikiitwa Studio Usicheke, kwa kuwa hilo ndilo neno nililowaambia wateja zaidi ya mengine yote. Kazi yenyewe ilikuwa inakufa taratibu, maana kila mtu sasa anajipiga mwenyewe kwa simu, tena anacheka.

Mke wangu, Bi Sihaba, nitamwita Mama Hidaya, kwani hata mimi sijawahi kuthubutu kumwita vingine. Alikuwa mkunga wa zahanati ya Kizingiti. Zahanati hiyo ilikuwa na vitanda, mizani ya kupimia watoto, na picha ya Rais iliyopigwa kwa ufundi, ukiitazama huku kofia iko wima, ukiitazama huku iko upande. Kitu ambacho haikuwa nacho ni maji. Pampu ilikuwa imekufa, na mama aliyekuja kujifungua alikuja na mtoto tumboni na ndoo kichwani.

Binti yetu Hidaya alikuwa amerudi nyumbani kujifungua mtoto wake wa kwanza, kama ilivyo desturi. Mwezi wake ulikuwa umeshaingia.

Nayaeleza haya mapema ili ijulikane kwamba niliyajua yote. Sina kisingizio.

*

Adhuhuri moja nilikuwa studioni nakula muhogo wa kuchemsha, akabisha hodi msichana aliyevaa fulana ya bluu na kushika kishikwambi.

"Shikamoo baba."

Nilipunga mkono kumaanisha marahaba, maana kipande cha muhogo kilikuwa cha moto na nilikuwa nakihamisha kutoka shavu moja kwenda jingine.

"Naitwa Arafa, natoka Idara ya Kupima Rai. Uchaguzi ungefanyika leo, ungechagua Mwiko au Kifuniko?"

Nisikilize vizuri, msomaji. Mimi nilikuwa Mwiko tangu utotoni. Sikuwa na falsafa yoyote. Kichwa changu kina umbo la yai, kofia ikikaa upande inaanguka. Lakini muhogo ulikuwa unaniunguza ulimi, na swali lenyewe sikulisikia sawasawa.

"Mh-mh," nikasema, nikimaanisha ngoja kwanza nimeze.

Macho yakamtoka. "Hujaamua?"

"Mh."

Alibonyeza kishikwambi upesi. Akanitazama kama mtu aliyemwona ndege ambaye vitabu vinasema alishatoweka duniani.

"Baba," alisema, "tafadhali usitoke hapa."

Jioni ile redio ilitangaza kwamba wasioamua Kizingiti wameongezeka. Mtangazaji alisema wataalamu wanalichunguza wimbi hilo. Nilisikiliza kwa hamu kubwa, nikamwambia Mama Hidaya kwamba kuna watu wa ajabu katika mji huu, hawajui wanachotaka. Alinitazama, akaendelea kuchambua mchele.

*

Kesho yake magari yenye vioo vyeusi yalijaa mbele ya studio. Kutoka kwenye gari refu kuliko yote akashuka Profesa Baragumu, Mkuu wa Idara ya Kupima Rai, mtu mfupi mwenye vyeo virefu. Aliniangalia kichwani, akaniangalia tumboni, akaniangalia viatu, halafu akageukia wasaidizi wake akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Bwana Mtonga," alisema, "wewe si mtu."

"Ee bwana?"

"Wewe ni kundi! Unawakilisha wanaume wote wa makamo wa nchi hii, wenye kitambi cha kiasi, wenye kazi inayokufa na wake wenye msimamo. Wote wamo ndani yako. Ukiinama, wameinama. Ukikohoa, soko la hisa linashika kifua. Kutoamua kwako, bwana, ni hazina ya taifa, na kuanzia leo iko chini ya ulinzi."

Akanibandika kifuani beji iliyoandikwa HAJAAMUA, kwa herufi za dhahabu.

Nani katika maisha yangu aliwahi kuniambia nina watu ndani yangu? Niliwahi kuambiwa nina minyoo. Nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya njia.

"Mama Hidaya," nilisema, "mimi si mtu. Mimi ni kundi."

"Vizuri," alijibu. "Mwambie mmoja wenu akateke maji."

*

Kuanzia hapo neema ilifunguka. Mwiko walileta mchele na kanga zenye picha ya kofia wima. Kifuniko walileta sukari na kanga zenye picha ya kofia upande. Mgombea wa Mwiko, Mheshimiwa Makelele, alikuja kunywa chai kwangu huku kamera zikimulika, akapuliza chai ile kwa nguvu nikaona nusu yake imehamia mezani. Mgombea wa Kifuniko, Mheshimiwa Bi Kidawa Pambo, alikuja kupigwa picha studioni. Nilimwambia asicheke, akacheka, akasema hiyo ndiyo tofauti kati yake na mpinzani wake.

Nikajifunza kazi ya kutoamua, maana ni kazi kama kazi nyingine. Nilisimama mbele ya kioo nikapanga uso. Nyusi moja ilikuwa ya Mwiko na nyingine ya Kifuniko. Midomo niliiacha wazi kidogo, kama mtu anayekaribia kusema. Mtu wa Mwiko akizungumza, nilisema, "Hapo kuna jambo." Mtu wa Kifuniko akizungumza, nilisema, "Hapo napo kuna jambo." Wote waliondoka wamefurahi.

Jirani yangu Fikirini, dereva mstaafu wa lori, mtu aliyempa mwanawe wa kwanza jina la Mwiko, siku moja aliamka hajaamua. Alikuja kuniuliza beji zinapatikana wapi.

"Lakini Fikirini," nilimwambia, "wewe mwanao anaitwa Mwiko!"

"Nimeanza kumwita Mwi," alinijibu. "Silabi ya pili bado naifikiria."

Sokoni nako wakaanza. Wauza nyanya hawajaamua, wachinja kuku hawajaamua, na imamu na padri walikutana njiani wakaulizana kwa sauti ya chini kama kuna mchele uliobaki. Idara ikalazimika kutangaza kwamba wasioamua halisi ni wale wenye beji, na wengine wote ni wasioamua wa kughushi, na sheria itachukua mkondo wake.

Siku moja, Hidaya akiwa amelala chumbani miguu imevimba, Mama Hidaya alinishika mkono.

"Baba Hidaya. Hao wanaokuja kukuuliza unataka nini, wanaandika unachosema?"

"Wanabonyeza."

"Basi waambie maji. Pampu ya zahanati. Ni neno moja tu."

"Nitawaambia siku ikifika. Mambo haya yana wakati wake."

"Mimba ya mwanao haina kalenda ya kampeni," alisema, akaniacha nimesimama na uso wangu wa nyusi mbili.

*

Sitaki mseme sikujaribu. Arafa alipokuja tena, nilimkaribisha kiti, nikajikohoza.

"Kuhusu kofia, baba," alisoma. "Wima, upande, au sijui?"

"Mwanangu, mimi nataka maji zahanati."

Alishusha kidole kwenye kishikwambi, akakipandisha, akakishusha tena.

"Maji hayamo kwenye majibu, baba."

"Yaweke."

"Siwezi. Majibu yanatoka makao makuu. Yalikuja mwaka jana." Alifikiri kidogo. "Kuna 'Mengineyo' hapa chini."

"Basi nibonyezee hiyo."

Akabonyeza. Nikajisikia kama mtu aliyemaliza kazi ya maana, nikaenda kulala.

Jumapili Profesa Baragumu alionekana kwenye televisheni na mchoro nyuma yake. "Ndugu wananchi," alisema, "Mengineyo imepanda Kizingiti! Hili si jambo dogo. Wananchi wanatuambia, tena kwa sauti isiyo na shaka, kwamba wamechoka na wima, wamechoka na upande. Wanadai namna ya tatu ya kuvaa kofia!"

Taifa likawaka. Mwiko walijitolea kuisogeza kofia vidole viwili mbele, huku ikibaki wima kimsingi. Kifuniko walitoa tamko kwamba kofia inaweza kushikwa mkononi, mradi mkono wenyewe uwe upande. Wasomi waliandika kuhusu roho ya Kizingiti. Nami nilikaa mbele ya televisheni nikiwa na aibu, lakini, Mungu anisamehe, nikiwa pia na furaha. Kofia ya taifa ilikuwa imesogea vidole viwili, na aliyeisogeza ni mimi.

"Umeomba maji," Mama Hidaya alisema nyuma yangu, "wameleta kofia. Hukusema kwa sauti."

"Nitasema kwenye Mazungumzo Makuu," nilimjibu upesi. Maana nilikuwa nimechaguliwa. Wagombea wote wawili wangekuja kwenye ukumbi wa mji, matangazo ya moja kwa moja, na mwananchi mmoja tu asiyeamua angeuliza swali. Mwananchi huyo ni mimi.

"Utasema maji?"

"Nitasema maji."

"Apa."

"Naapa."

Nilikuwa sijamaliza kuapa vizuri, Profesa akaja kunifanyisha mazoezi ya swali langu, ambalo alikuwa amekwisha kulitunga yeye. Lilisema, "Waheshimiwa, kofia hii mnaionaje mbele ya macho ya watoto wetu?"

"Nilikuwa nafikiria," nilimwambia, "kuuliza pia kuhusu maji."

Alinivuta pembeni kwa upole, kama baba anayemwonya mwana. "Bwana Mtonga, asiyeamua hana haja. Mwenye haja ameshaamua. Na aliyeamua, sisi tutamuulizia nini?"

Nililitafakari neno hilo usiku kucha, nikaona lina hekima kubwa. Ndivyo nilivyokuwa.

*

Asubuhi ya Mazungumzo Makuu Hidaya alianza kuumwa uchungu. Mama yake alimpeleka zahanati kwa pikipiki ya jirani, kisha akarudi mbio nyumbani. Alinikuta nimevaa suti, beji inang'aa, nachana nywele zilizobaki.

"Mapipa ya zahanati yamekauka," alisema akihema. "Hata ya kunawia mikono hakuna. Na leo siyo Hidaya peke yake, kuna wengine wawili. Leo usiende huko. Chukua mkokoteni ukalete maji mtoni."

"Mama Hidaya, leo ndiyo siku ya kusema! Nitayasema maji mbele ya taifa zima. Mkokoteni utaleta mapipa mawili, lakini neno langu..."

Nilisikia mwenyewe sauti yangu inafanana na ya Profesa. Alinitazama. Sijui aliona nini, suti au mtu.

"Nenda kaseme," alisema. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira.

Njiani kuelekea ukumbini nilikuta boza la maji, lile gari lenye tangi kubwa mgongoni, likitembea polepole na kumwaga maji barabarani kwa mabomba ya nyuma. Maji yalikuwa masafi, yanametameta. Yalijaa kwenye mitaro, kuku wanakunywa, bata wa mtu fulani wameanza kuogelea.

"Unafanya nini?" nilimuuliza dereva.

"Nazuia vumbi, mzee. Amri ya Idara. Msafara wa waheshimiwa usipate vumbi."

"Maji yote hayo?"

"Hili la kwanza tu. Kuna jingine linakuja."

Nilisimama. Ningeweza kumwambia dereva yule neno moja, na zahanati ilikuwa nyuma ya soko tu, umbali wa kutupa jiwe. Lakini nilikuwa nachelewa kwenda kuomba maji. Basi nikakunja suruali, nikayaruka maji, nikaenda.

*

Ukumbi ulikuwa umejaa. Wasioamua wenye beji tulikalishwa mbele, kila mmoja na kitufe cha kuzungusha kwenye mkono wa kiti. Ukipenda unachosikia unazungusha kulia, usipopenda kushoto. Ukutani kulikuwa na mstari mwekundu mkubwa uliopanda na kushuka kwa kadiri ya vidole vyetu, na waheshimiwa waliutazama mstari ule kuliko walivyotutazama sisi.

"Kofia wima," alinguruma Mheshimiwa Makelele, "ni uti wa mgongo wa taifa!" Mstari ukapanda.

"Mgongo unauma!" aliongeza, akitaka mstari uzidi kupanda. Ukashuka. "Yaani, haumi!" Ukapanda.

"Kofia upande," alisema Bi Kidawa Pambo kwa sauti ya asali, "ni kofia inayoacha sikio wazi limsikilize mwananchi." Fikirini, ambaye hatimaye alikuwa amepata beji kwa njia zake, alizungusha kitufe kulia na kushoto kwa kasi, akitaka kuwa wa haki, mpaka kikatoa moshi.

Kisha taa ikanimulika. Arafa akaniletea kipaza sauti. Profesa, aliyekaa kando ya jukwaa, alikuwa akiyatamka maneno ya swali langu kwa midomo, kama mama anayemsaidia mtoto kusoma.

"Waheshimiwa," nilianza, "kofia hii..."

Nikakwama. Nilikuwa nimelikariri swali lile mpaka naliota, lakini pale mbele ya taa nilimwona Hidaya. Namna alivyokuwa amekishika kiti cha pikipiki asubuhi ile, vidole vimekuwa vyeupe, anajaribu kutabasamu ili baba yake asiwe na wasiwasi akiwa kwenye televisheni.

"Kofia hii," nikasema, "naomba iwekwe chini kidogo. Binti yangu anajifungua sasa hivi hapo nyuma ya soko, na zahanati haina maji hata ya kunawa mikono. Na huko nje kuna boza linamwaga maji barabarani. Mimi nataka boza lile liende zahanati. Nimeamua."

Mstari ukutani ulisimama, haukujua uende wapi.

Mheshimiwa Makelele alimwinamia msaidizi wake, nikamsikia anauliza, "Hiyo ni wima au siyo wima?"

"Nakushukuru sana," alisema Bi Kidawa Pambo, "kwa swali lako zuri kuhusu kofia."

"Kateni!" Profesa aliruka jukwaani. "Kateni matangazo! Amechafua sampuli! Ameamua! Tena ameamua jambo ambalo hakuulizwa!"

Arafa aliamriwa kunivua beji. Alipokuwa akihangaika na pini alininong'oneza, "Pole, baba. Binti anaitwa nani?"

"Hidaya."

"Mungu amsaidie."

Nilipogeuka, Fikirini alikuwa tayari ameshakikalia kiti changu, ananipungia mkono kwa heshima. Walinzi wawili wakanitoa kwa mlango wa nyuma, ule wanaopitishia masufuria.

*

Nilikimbia. Mimi, na kitambi changu cha kiasi na wanaume wote wa makamo ndani yangu, tulikimbia. Nikikimbia nilikuwa natunga namna ya kumsimulia Mama Hidaya. Nilikuwa nimesema! Taifa zima lilikuwa limesikia! Baadaye niliambiwa kwamba redio na televisheni zilikata kabla hata ya amri ya Profesa, pale niliposema "iwekwe chini", na kwamba kuanzia hapo taifa lilikuwa linasikiliza wimbo wa ngoma ya asili. Lakini wakati ule sikujua.

Barabara ilikuwa imelowa mpaka njia panda ya soko. Hapo ulowevu ulikoma ghafla, na alama za magurudumu mapana zilikata kona kuelekea zahanati.

"Wamenisikia!" nilipiga kelele peke yangu. "Amri imetoka!"

Uwanja wa zahanati ulikuwa umejaa wanawake wa sokoni, wauza samaki wa kukaanga, wauza nyanya, na mafundi wa kusuka nywele, wamepanga ndoo na mapipa, na boza limesimama katikati yao kama ng'ombe anayekamuliwa. Dereva alikuwa amekaa kwenye benchi la wagonjwa, ana chai na chapati.

"Amri imetoka ukumbini, siyo?" nilimuuliza huku nahema.

"Amri gani, mzee?"

"Ya kuleta maji huku."

"Hakuna amri. Akina mama hawa walilala barabarani, wote, wamejipanga kama samaki mnadani. Nikasimama. Wewe ungefanyaje? Yule mkunga akaja dirishani akaniambia, 'Mwanangu, kata kona hapo, kuna chai.' Nikakata kona."

"Saa ngapi hiyo?"

"Mbona zamani. Ndoo za kwanza zimeshachemshwa."

Nikajua kwamba wakati mimi nimekaa ukumbini nikingoja kuomba maji, wao walikuwa tayari wanayateka. Wanawake wale hawakuwahi kuulizwa na Idara hata mara moja. Walikuwa na haja, yaani walikuwa wameshaamua, kwa hiyo hawakuwa na maana kitakwimu.

Mama Hidaya akatoka mlangoni, mikono imelowa mpaka viwikoni.

"Nimesema," nilimwambia. "Mbele ya taifa zima. Wamenivua beji."

Alinitazama, suti yangu imejaa tope, kiatu kimoja kimebaki njiani. Nadhani aliona kitu safari hii, maana uso wake ulilegea.

"Vizuri," alisema. "Shika ndoo."

Nikashika. Nilibeba ndoo mpaka suti ikachanika begani. Adhana ya alasiri ilipoanza, tulisikia mtoto akilia ndani, sauti kali isiyo na shaka hata chembe. Mama Hidaya akaniletea mlangoni, msichana, amefungwa kanga yenye kofia upande, maana ndiyo iliyokuwa safi.

"Mama yake je?"

"Mzima. Anaomba uji."

Nilimpokea mjukuu wangu kwa mikono yenye tope, nikakumbuka nikamrudisha haraka, nikaenda kunawa. Maji yalikuwepo. Niliyaacha yanipite vidoleni, nikalia pale kwenye bomba la boza mbele ya wauza samaki wote, na hakuna aliyenicheka. Walikuwa na kazi.

*

Kesho yake Arafa alikuja zahanati na kishikwambi chake kuwauliza wanawake kwa nini walisimamisha gari la serikali. Majibu yalikuwa yale yale, wima, upande, sijui. Wote walibonyeza "Mengineyo". Kisha akakiweka kishikwambi dirishani, akaomba ampakate mtoto.

Jumapili Profesa Baragumu alitoa matokeo. "Utafiti wetu wa kina," alisema, "umeonyesha kwamba wanawake wa Kizingiti, asilimia mia kwa mia, wanapenda magari makubwa."

Mheshimiwa Makelele akaja mjini amesimama juu ya lori la kubebea kokoto. Bi Kidawa Pambo akaja juu ya greda, ameishikilia kofia yake isipeperuke. Wote wawili waliahidi magari makubwa. Uchaguzi ukapita, nami nilipiga kura kama watu wote, na mshindi alipoapishwa upepo uliichukua kofia ukaitupa ziwani, vyama vyote viwili vikatangaza ushindi.

Jambo la ajabu kuliko yote katika hadithi hii, ambalo sitegemei msomaji wa nchi yoyote ataliamini, ni kwamba mshindi alitimiza ahadi. Siku moja liliingia Kizingiti boza jipya, limepakwa rangi, lina picha ya uso wa Rais ubavuni, zawadi kwa wanawake wapenda magari. Utepe ulikatwa na hotuba tatu zikasomwa. Mama Hidaya alingoja wageni waondoke, akaligonga tangi kwa ngumi. Likalia ngoo, halina tone.

"Fikirini," alisema, "leseni yako bado hai?"

Fikirini alikuwa amekaa kivulini. Tangu uchaguzi uishe, hakuna aliyekuja kumuuliza lolote, na alikuwa amekonda. "Iko hai, shemeji."

"Mto unaujua ulipo. Panda."

"Na mimi?" niliuliza.

"Na wewe panda."

Sasa kila asubuhi tunakwenda mtoni, mimi na Fikirini, tunajaza tangi kwa pampu ndogo na kurudi zahanati. Yeye anaendesha, mimi kazi yangu ni bomba. Mama Hidaya akisema fungua, nafungua. Akisema funga, nafunga. Wakati mwingine, tukiwa ukingoni tunangoja tangi lijae, Fikirini hugeuka akaniuliza eti mimi kwa maoni yangu naionaje hali ya nchi. Namwambia ashike mpira wa pampu vizuri, maji yanamwagika.